Kitu Kimenasa Mwilini: Eksirei, Altrasaundi, Siti Skani au Kamera?

Mtoto anapomeza sarafu au kupaliwa na karanga, au mtu mzima anapochomwa na mwiba ukakatikia ndani ya wayo, neno la kwanza linalotamkwa hospitalini aghalabu huwa ni "picha". Kwa watu wengi picha ni eksirei, kwa kuwa ndiyo inayopatikana karibu na gharama yake hubebeka. Na wenye uwezo zaidi huomba siti skani moja kwa moja, wakiamini kwamba kipimo kilicho ghali kuliko vingine ndicho kinachoona kuliko vingine. Imani zote mbili huwaponza wagonjwa. Kila kipimo kina vitu kinavyoviona vizuri na vitu kisivyoviona kabisa, na eksirei iliyotoka safi kwa mtoto aliyepaliwa na karanga haithibitishi hata kidogo kwamba karanga haimo kifuani. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mzazi anayetakiwa kuamua alipie nini, na kwa mhudumu wa zahanati au kituo cha afya anayetakiwa kuamua amwandikie mgonjwa kipimo gani au ampe rufaa bila kipimo chochote.

Mambo matatu ndiyo yanayoamua: kitu chenyewe kimetengenezwa kwa nini, kimekaa wapi, na muda uliosalia kabla hakijaleta madhara. Mgonjwa ambaye hawezi kupumua, kulia wala kukohoa hayumo katika hesabu hii, kwa sababu hapaswi kupelekwa kwenye kipimo chochote kwanza. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hulazwa kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, akapigwa mara tano mgongoni katikati ya mabega, kisha akageuzwa na kukandamizwa mara tano katikati ya kifua; aliyevuka mwaka mmoja hupigwa mgongoni vivyo hivyo, kisha hubanwa tumbo juu ya kitovu kwa kuvutwa ndani na juu. Anayekohoa kwa nguvu aachwe akohoe. Kidole kisiingizwe kinywani kutafuta kitu kisichoonekana, kwa maana kidole hicho ndicho kinachokisukuma ndani zaidi.

Maelezo ya mama hutangulia mashine

Kabla ya kulinganisha mashine, ni lazima niseme wazi kwamba hakuna kipimo chenye thamani kama maelezo mazuri ya tukio. Mtoto alikuwa anakula au anachezea nini? Alianza kukohoa ghafla, akageuka rangi, au alitokwa na udenda na kukataa chakula? Ilikuwa saa ngapi? Mama anayesema kwamba mwanawe wa miaka miwili alikuwa akitafuna karanga, akacheka, akapaliwa na kukohoa kwa dakika kadhaa kisha akatulia, amekwisha kutoa ushahidi mzito kuliko filamu nyingi. Utulivu unaofuata kikohozi hicho ndio unaowahadaa watu: kitu kimevuka koromeo na kutua kwenye mrija wa pafu, mahali ambapo hakichokozi kikohozi kama mwanzo, na mtoto anarudi kucheza. Mzazi akiweza, aje na kitu kinachofanana na kile kilichomezwa, kama vile sarafu ya thamani ileile, kifungashio cha betri au kipande kilichobaki cha kifaa kilichovunjika, kwa kuwa daktari akijua ukubwa na maada ya kitu, tayari ameshajua nusu ya jibu la kipimo gani kinafaa.

Sarafu au betri: hapa eksirei haina mpinzani

Kwa kitu cha chuma kilichomezwa, eksirei hushinda vipimo vyote, na sababu kubwa ni kasi yake. Hupatikana katika hospitali nyingi za wilaya, humaliza kazi kwa dakika chache, haihitaji mtoto kulazwa usingizi, na kiasi cha mionzi yake ni kidogo: eksirei moja ya kifua kwa mtu mzima ni takriban milisiveti (kizio cha kupimia mionzi) 0.02, wakati mionzi ya asili ambayo binadamu huipata kwa mwaka kutoka ardhini, angani na katika chakula ni wastani wa milisiveti 2.4 duniani. Lakini ipigwe ipasavyo. Picha ianzie shingoni na kushuka hadi nyonga, ili kitu kisije kikawa kiko juu au chini ya mpaka wa filamu, na zipigwe pande mbili, ya mbele na ya ubavuni. Kituo kinachopiga ya mbele peke yake ili kuokoa filamu kinampa daktari nusu ya habari. Sarafu mbili zilizolaliana huonekana kama moja kwa mbele, na kilicho muhimu zaidi, betri bapa ya duara huweza kuonekana kama sarafu.

Tofauti hii ya sarafu na betri ndiyo inayonifanya niandike kwa msisitizo, kwa kuwa moja huweza kusubiri na nyingine haisubiri. Betri bapa za lithiamu, zinazotumika katika rimoti, funguo za magari, mizani na midoli, aghalabu huwa na upana wa milimita 20 na nguvu ya volti 3. Upana huo unatosha kuifanya ikwame kwenye umio, yaani njia ya chakula, la mtoto mdogo. Inapogusa kuta mbili zenye majimaji, mkondo wa umeme hupita katika nyama na kuzalisha magadi makali upande wa ncha hasi, na magadi hayo huanza kuunguza umio ndani ya saa mbili. Betri haihitaji kupasuka wala kuvuja ili ilete madhara haya, na hata ile iliyotolewa kwenye rimoti kwa sababu "imeisha" bado ina nguvu ya kutosha kuunguza. Kidonda kinaweza kuendelea kuchimba hata baada ya betri kutolewa, kikatoboa njia kati ya umio na njia ya hewa, au kikafika kwenye mshipa mkubwa wa damu na kuleta utokaji wa damu unaoua siku au wiki kadhaa baadaye.

Kwenye picha ya mbele, betri huonyesha duara ndani ya duara, yaani ukingo wa pili mwembamba unaofuata ule wa nje. Kwenye picha ya ubavuni huonyesha ngazi ndogo, kwa sababu upande mmoja ni mwembamba kuliko mwingine. Sarafu haina alama hizo. Mpiga picha na daktari wa zamu wasiridhike na neno "sarafu" lililotamkwa na mzazi mpaka wameukuza ukingo huo na kuutazama. Betri ikionekana katika umio, hakuna kipimo kingine cha kuongeza: mtoto anahitaji kutolewa betri hiyo kwa kamera, yaani bomba lenye mwanga na kamera linaloingizwa kupitia kinywani, na saa zinahesabiwa tangu alipoimeza, wala si tangu alipofika hospitalini. Akiwa njiani, mtoto aliyevuka mwaka mmoja, anayeweza kumeza na ambaye hajapitisha saa 12 tangu tukio, anaweza kupewa asali vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika 10, si zaidi ya mara sita, kwa kuwa asali hupunguza makali ya kuungua. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali, na safari ya hospitali isicheleweshwe hata kidogo kwa ajili ya kuitafuta. Zaidi ya hiyo asali, asipewe chakula, maziwa wala kitu cha kumtapisha.

Kuna kifaa kingine kinachostahili kutajwa hapa, nacho ni kitambua-chuma cha mkononi, kama kile kinachotumiwa na walinzi kwenye milango ya benki na hoteli. Kikipitishwa juu ya mwili hutambua sarafu kwa usahihi mkubwa bila mionzi yoyote, na kinafaa kufuatilia sarafu iliyokwisha kuthibitishwa, ili kujua kama imeshuka tumboni. Hata hivyo hakiwezi kutenganisha sarafu na betri, kwa hiyo hakipaswi kuchukua nafasi ya eksirei ya kwanza.

Sarafu ikibainika kuwa ni sarafu kweli, na iko katika umio la mtoto asiyetokwa na udenda, asiyetapika na anayepumua vizuri, madaktari huweza kusubiri hadi saa 24 na kurudia picha, kwa sababu baadhi ya sarafu hushuka zenyewe. Ikishafika tumboni, mara nyingi hutoka na choo. Kwa jumla, kati ya vitu vilivyomezwa vikafika tumboni, asilimia 80 hadi 90 hutoka bila kusaidiwa. Wasiohesabiwa katika faraja hii ni waliomeza vitu vyenye ncha kali, vitu vyenye upana unaozidi sentimita 2.5 au urefu unaozidi sentimita 5 au 6, na waliomeza sumaku mbili au zaidi. Sumaku huvutana zikiwa katika sehemu tofauti za utumbo, zikaibana nyama iliyo kati yake mpaka itoboke, na mtoto huweza kuonekana mzima kabisa wakati jambo hilo linaendelea. Dawa ya kuharisha haisaidii chochote hapa. Vilevile, ile picha ya kunywa uji mweupe wa bariamu, ambayo bado huombwa mahali pengine ili kuona kitu kilichokwama umioni, ina hatari kuliko faida: mgonjwa aliyezibwa umio anaweza kuuvuta uji huo mapafuni, na kamera ikiingizwa baadaye haioni kitu kwa sababu kila mahali pamepakwa.

Karanga kifuani: siti skani au bronkoskopia?

Uamuzi mgumu kuliko yote ni huu. Karanga, maharage, punje za mahindi, mbegu za matunda na vipande vya plastiki havionekani kwenye eksirei, na hivyo ndivyo vitu ambavyo watoto wa chini ya miaka mitatu huvivuta kwenye njia ya hewa mara nyingi. Kinachoonekana, kikionekana, ni athari: pafu la upande mmoja lililojaa hewa isiyotoka, au sehemu ya pafu iliyosinyaa. Athari hiyo huonekana vizuri zaidi mgonjwa akipigwa picha wakati anatoa pumzi, jambo ambalo mtoto wa miaka miwili hawezi kuagizwa alifanye. Katika saa 24 za mwanzo idadi kubwa ya watoto hawa wana eksirei isiyo na kasoro yoyote. Kwa hiyo eksirei ya kifua ifanyike, kwa kuwa ni rahisi na inaweza kusaidia, lakini isipewe mamlaka ya kumrudisha nyumbani mtoto ambaye maelezo yake ni mazito.

Siti skani huona zaidi sana. Hukata kifua katika vipande vyembamba na kuonyesha kitu ndani ya mrija wenyewe, na mara chache sana hukikosa. Hasara zake ni tatu. Mionzi yake kwa kifua cha mtu mzima ni takriban milisiveti 5 hadi 7, yaani sawa na miaka miwili au mitatu ya mionzi ya asili, ingawa mashine mpya zikipangwa kwa ajili ya watoto hupunguza kiasi hicho. Mtoto asiyetulia anaweza kuhitaji dawa ya kumtuliza, na kumtuliza mtoto ambaye njia yake ya hewa imezibwa nusu ni jambo la hatari. Tena, haitoi kitu: baada ya kulipia siti skani na kukiona kitu, bado mtoto atahitaji bronkoskopia.

Bronkoskopia ni kuingiza bomba lenye mwanga na kamera kupitia kinywani hadi kwenye mirija ya mapafu. Kwa kutoa kitu kwa mtoto, bomba gumu lisilopinda ndilo linalotegemewa, kwa kuwa mtoto hupumua kupitia bomba hilohilo wakati daktari anafanya kazi kwa koleo ndefu, naye huwa amelazwa usingizi kamili. Bomba laini hufaa zaidi kwa kuchungulia. Kazi hii si ya jana. Mwaka 1897, huko Freiburg nchini Ujerumani, daktari Gustav Killian alitoa mfupa wa nguruwe kutoka kwenye mrija wa pafu la mgonjwa kwa bomba la namna hiyo, na baadaye daktari Chevalier Jackson wa Philadelphia nchini Marekani aliwafundisha madaktari wengi ufundi huo. Vitu zaidi ya 2,000 vilivyotolewa na yeye na wenzake vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Mütter mjini humo.

Nichague vipi basi? Rai yangu ni hii. Ikiwa mtoto alionekana akipaliwa, na sasa anapumua kwa mlio, au upande mmoja wa kifua unasikika hafifu kuliko mwingine, aende moja kwa moja kwenye bronkoskopia, kwa maana hapo kipimo na tiba ni kitu kimoja. Ikiwa hakuna aliyeona tukio, eksirei haieleweki, na kinachomsumbua ni kikohozi cha wiki kadhaa ambacho kinaweza kuwa na sababu nyingine, siti skani ina nafasi yake halali, kwa sababu ikitoka safi inamwepusha mtoto na usingizi wa dawa asiouhitaji. Katika nchi zetu, hata hivyo, swali la tatu ni la umbali. Hospitali ya mkoa inaweza kuwa na siti skani lakini isiwe na daktari wa pua, koo na masikio mwenye vifaa vya kutolea kitu kwa mtoto, huku huduma hiyo ikiwa katika hospitali kubwa za rufaa kama Muhimbili jijini Dar es Salaam au Kenyatta jijini Nairobi. Mahali kama hapo, fedha na saa za siti skani zinafaa kuwa za usafiri. Mtoto mwenye dalili wazi aandikiwe rufaa, apewe oksijeni akihitaji, naye aondoke.

Kundi linalonisikitisha zaidi ni la watoto wanaotibiwa nimonia mara ya pili, ya tatu, ya nne, au wanaopewa dawa za pumu, na wengine kuanzishiwa dawa za kifua kikuu, ilhali kila eksirei inaonyesha doa palepale katika pafu lilelile. Nimonia inayorudi mahali pamoja, au mlio wa pumu unaosikika upande mmoja tu, ni sababu tosha ya kuuliza upya: je, aliwahi kupaliwa? Mara nyingi swali hilo halijawahi kuulizwa, na mzazi naye hakuona haja ya kulitaja tukio la miezi miwili iliyopita.

Mwiba wa samaki kooni

Katika miji ya pwani na ya maziwa makuu, tatizo hili huletwa kila wiki, na kipimo bora cha kwanza hakina mashine. Tochi nzuri na kijiti cha kukandamiza ulimi humwezesha daktari kuona mwiba uliochoma tezi za koo au shina la ulimi, na kuutoa papo hapo kwa koleo. Usipoonekana, kamera nyembamba hupitishwa puani ili kutazama sehemu ya chini. Eksirei ya shingo ni dhaifu katika kazi hii, kwa sababu miiba ya samaki wengi ni myembamba na haina madini ya kutosha kuzuia mionzi, na pia gegedu za koo zilizoanza kuwa ngumu kwa watu wazima huonekana kama mwiba. Hapa, tofauti na kwa mtoto wa karanga, siti skani isiyo na dawa ya kung'arisha picha ndiyo inayofuata kwa haki: huuona mwiba, huonyesha kama umetoboa umio, na humwelekeza daktari wa endoskopia, yaani wa kutazama ndani kwa kamera, mahali pa kwenda.

Mtu mwenye mwiba asimeze tonge la ugali, wali mkavu wala ndizi ili kuusukuma. Wakati mwingine tonge hufanikiwa, na ndiyo maana desturi hiyo imedumu, lakini lisipofanikiwa hulazimisha mwiba kuzama ndani ya nyama. Mchubuko ulioachwa na mwiba uliokwisha kupita pia huuma, ila maumivu yake hupungua ndani ya siku moja au mbili. Maumivu yanayobaki sehemu ileile, yanayozidi wakati wa kumeza, au yanayoandamana na homa na uvimbe wa shingo, yanahitaji hospitali siku hiyohiyo.

Mwiba, kibanzi na kioo chini ya ngozi

Kwa miguu na mikono, wapinzani ni eksirei na altrasaundi, na ushindi unategemea maada. Chuma, mawe na kioo huonekana kwenye eksirei. Wengi hudhani kioo hakionekani, lakini kipande cha milimita 2 au zaidi kwa kawaida huonekana, kiwe cha chupa ya soda au cha dirisha. Mti hauonekani. Kibanzi cha mbao, mwiba wa mgunga na kipande cha plastiki hutafutwa kwa altrasaundi, ambayo haina mionzi na hukionyesha kitu kama mstari mweupe wenye kivuli nyuma yake, na usaha au majimaji yakiwa yamekizunguka kama pete nyeusi. Udhaifu wake ni kwamba hutegemea sana mkono wa anayeitumia, huhitaji kichwa cha mashine chenye mawimbi ya sauti ya masafa ya juu, kinachofaa sehemu zilizo karibu na ngozi, na huchanganywa na hewa iliyoingia kwenye kidonda. Kwa hiyo altrasaundi ifanywe kabla kidonda hakijachokonolewa. Faida yake nyingine ni kwamba daktari anaweza kuiongoza koleo huku akitazama kioo cha mashine. Kila jeraha la namna hii lifuatwe na swali la chanjo ya pepopunda.

Fundi wa kuchomelea au wa grenda aliyeingiwa na chembe jichoni achunguzwe na mtaalamu wa macho. Chembe iliyopiga kwa kasi huweza kupenya ndani ya jicho na kuacha tundu dogo sana. Hapo siti skani hufaa, na mashine ya MRI, ambayo ni sumaku kubwa, ni marufuku mpaka ithibitike kwamba hakuna chuma jichoni. Puani na masikioni hapahitajiki picha kwa kawaida, kwani kitu huonekana kwa tochi. Usaha wenye harufu mbaya unaotoka tundu moja tu la pua ya mtoto karibu kila mara humaanisha kuna kitu. Betri ya puani au sikioni nayo ni dharura, na isitiwe maji wala dawa ya matone.

Yaandikwe nini kwenye rufaa

Mgonjwa anapohamishwa, barua ieleze saa ya tukio, kitu kinachoshukiwa na ukubwa wake, dalili zilizoonekana mwanzoni hata kama zimetoweka, saa aliyokula au kunywa mara ya mwisho, dozi za asali kama zilitolewa, na chanjo ya pepopunda kama ni jeraha. Picha yenyewe isafiri pamoja naye, si ripoti yake tu, kwa kuwa daktari anayempokea atataka kuutazama ukingo wa kile kinachoitwa sarafu kwa macho yake. Hospitali inayopokea ipigiwe simu kabla gari halijaondoka, ili mtaalamu wa usingizi na chumba cha upasuaji viwe tayari mgonjwa anapofika.